Waliolala Ighumbi

Salome alinipigia simu saa nne asubuhi, wanafunzi wakiwa wamepanga foleni ya uji. Aliniamkia kwanza, kama alivyofundishwa, kisha akasema, "Mwalimu, baba ametangulia." Nikampa pole, nikauliza mazishi ni lini, nikakata simu. Halafu nikafunga mlango wa ofisi yangu pale Kiomboi nikakaa, nikiitafuta huzuni na kuikosa. Mzee Hango, baba yake Salome, alinipa chumba katika nyumba yake nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Alinilisha mezani kwake kama mmoja wa wanawe, na nilipougua malaria alinipakia kwenye baiskeli yake hadi Itigi, akisukuma pale mchanga ulipozidi. Mtu kama huyo akifa unatakiwa ulie. Mimi niliagiza chai, nikainywa yote.

Msibani nilikwenda hata hivyo, maana kutokwenda kungekuwa ni kusema jambo mbele ya watu, na mimi jambo hilo nimelinyamazia miaka yote. Kijana aliyesoma wasifu wa marehemu alikuwa na sauti nzuri. "Huyu ndiye baba wa kata hii," alisema. "Bila yeye Ighumbi ingekuwa mpaka leo inaomba dawa na madawati Kirondwa. Aliitetea mahakamani, akarudi nayo mkononi." Watu wakaitikia kwa kuguna. Wasifu ulikuwa wa kurasa nne. Nilisubiri aitaje Mbugani, walau kwa sentensi moja, walau kwa makosa, na Mbugani haikutajwa. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka, akanitazama vizuri, akaninong'oneza, "Wewe si yule mwalimu aliyetoa ushahidi? Mungu akubariki. Wanangu wote wanne wamesoma hapahapa." Nikamwambia asante.

Sitaeleza nilizaliwa wapi na wazazi wangu walikuwa nani. Hayo hayana kazi hapa. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule ambao watu wa Ighumbi wanauita mwaka wa kesi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mgeni, Mnyiramba kati ya Wanyaturu na Wakimbu, nimepanga chumba cha mwisho katika nyumba ya Mzee Hango, mwenyekiti wa kijiji. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, ya bati, kubwa kuliko zote pale, lakini haikuwa na dari, na kuta za ndani ziliishia pale mlango ulipoishia. Kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni kilipanda juu, kikagonga bati, kikashukia kitandani kwangu. Niliyajua maradhi ya wageni wa mwenyekiti, nikajua nani anagombea mpaka wa shamba na nani anamtaka binti wa nani. Wakitaka nisisikie waligeukia Kinyaturu. Baada ya miaka mitatu hata hicho nilikuwa nakisikia kiasi, ila sikuwaambia.

Chakula kilikuwa cha pamoja. Mama Salome, mke wa mwenyekiti, alipika ugali wa uwele mweusi, mgumu, na mlenda uliovutika kama kamba, na siku ya wageni kuku. Asali haikukosekana, ilikaa kwenye ndoo nyuma ya mlango wa jikoni, na kila aliyepita alichovya. Mezani pale ndipo nilipolisikia kwa mara ya kwanza neno kata likitajwa kama watu wanavyotaja mvua. Serikali ilikuwa imesema kila kata itajenga sekondari yake. Sisi tulikuwa chini ya kata ya Kirondwa, na sekondari ingejengwa Kirondwa, mwendo wa nusu siku kwa mguu kupitia vichaka ambavyo mtu mzima akiingia bila panga harudi na shati lake. "Mabinti zetu watapanga vyumba Kirondwa," Mzee Hango alisema, "na tunajua mabinti wanaopanga vyumba wanarudi na nini." Salome alikuwa darasa la sita. Alikuwa anakula huku ameinamisha kichwa.

Ighumbi ilikuwa imeomba kuwa kata, ikakubaliwa, kwa sababu sensa ilionyesha tumetosha. Na sensa hiyo, kwa upande wa kitongoji cha Mbugani, niliifanya mimi.

Hapo inabidi nirudi nyuma miaka miwili na nusu. Walimu wengi tulichukuliwa kuwa makarani wa sensa. Tulifundishwa siku kadhaa, tukaapishwa kwa hakimu, mkono juu, kwamba tutakayoambiwa katika nyumba za watu hatutayatoa kwa mtu yeyote. Mkufunzi wetu alirudia jambo moja mpaka tukalichoka: msiulize nani anastahili, ulizeni nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa. Awe mwenyeji, awe mgeni, awe mwizi aliyejificha, kama alilala, mwandike. Mbugani ilikuwa mbali na njia, ng'ambo ya korongo, kaya thelathini na ushee za watu waliotoka Burundi. Wengine walikuwa wamevuka wakikimbia vita, wakakaa makambini kule Kigoma, wakaondoka bila ruhusa, wakapanda treni, wakashuka Itigi kwa kuwa hapo ndipo walipoishiwa nauli. Kijiji kiliwapokea kwa sababu kichaka kile hakuna aliyekuwa na nguvu ya kukifyeka isipokuwa wao. Walifyeka mashamba ya wenyeji kwanza, ndipo wakaruhusiwa kufyeka yao. Karatasi hawakuwa nazo. Siku niliyofika, nusu ya milango ilikuwa imefungwa kwa nje na watu wakiwa ndani.

Aliyenifungulia njia ni Konsolata. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye ufa kati ya meno ya mbele, mjamzito wa kukaribia, na alikuwa amejishika kiuno mlangoni ananitazama nikihangaika na makaratasi yangu. "Mwalimu, wewe ndiye unamfundisha Ezekieli wangu," alisema. "Ukituandika, watakuja kutuchukua?"

"Hapana, dada. Nimeapa. Hii ni ya kuhesabu watu tu. Hakuna atakayeliona jina lako."

Akafikiri. Kisha akapaza sauti kwa Kirundi, na milango ikaanza kufunguka. Walimwamini yeye, naye aliniamini mimi. Alinikalisha ndani kwenye kigoda, akanipa maharage yaliyoungwa kwa mawese na kipande cha muhogo, na mumewe Evaristi akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilipomaliza kuandika kaya yake, Konsolata alijigusa tumbo. "Na huyu?" Nikamwambia huyo bado, mpaka azaliwe. Akacheka, akasema basi wamekosa mtu mmoja. Mtoto alizaliwa wiki ile ile, wa kike, na kijiji kizima kikamwita Sensa.

Kosa langu la kwanza nililifanya siku hiyo. Niliogopa kuruka nyumba, nikawa naandika majina pia katika daftari langu la shule, pembeni, kwa mpangilio wa mwendo wangu. Madodoso yalikwenda serikalini, yakafungiwa huko, na ninaamini hakuna aliyeyagusa. Daftari lilibaki. Nilipaswa kulichoma. Nililitia ndani ya sanduku, chini ya kanga, nikajiambia ni kumbukumbu.

Kesi ilifunguliwa Januari, Mahakama Kuu Dodoma. Waliofungua walikuwa wazee watatu wa Kirondwa, mmoja wao diwani wao, na dai lao lilikuwa jepesi kuelewa. Walisema Ighumbi haikutosha kuwa kata. Walisema imetoshelezwa na watu wasiokuwa raia, wasiokuwa hata na kibali cha kukaa nchini, ambao hawawezi kupiga kura wala kugombea, na kwamba kuwapa watu hao diwani ni kumpunguzia raia wa Kirondwa sauti yake. Waondoeni kwenye hesabu, walisema, na Ighumbi irudi ilikokuwa. Kwa miaka mingi nimejaribu kuliona dai lile kuwa la kijinga, nimeshindwa. Halikuwa la kijinga. Kama ningekuwa nimezaliwa Kirondwa pengine ningeliunga mkono, na pengine ningekuwa nimefanya dhambi ndogo kuliko hii niliyofanya.

Kwetu, kesi ile ilibadilisha jinsi watu walivyozungumza. Kabla ya hapo, mezani kwa mwenyekiti, watu wa Mbugani waliitwa "wale," au "vibarua." Baada ya barua ya mahakama kufika wakawa "wananchi wetu." Nilikuwa kitandani nasahihisha madaftari alasiri moja, nikamsikia Mzee Hango sebuleni akiwaambia wajumbe wa kijiji: "Atakayemwita mtu wa Mbugani mgeni, nitamtoza faini. Wale ni watu wetu. Wamezaa hapa, wamezika hapa." Mjumbe mmoja akasema kwa Kinyaturu maneno yaliyomaanisha, kadiri nilivyosikia, kwamba hata ng'ombe wa kuazima unampa nyasi. Wakacheka. Mzee Hango naye alicheka. Nikaendelea kusahihisha.

Na kwa kweli miezi ile watu wa Mbugani walipendwa. Konsolata alikaribishwa kwenye kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Evaristi aliitwa kwenye mkutano wa kijiji, akapewa kiti cha mbele, akakikalia ukingoni tu kama mtu aliyeazimwa suruali. Jioni moja, jua bado lipo, Konsolata alikuja kwa Mama Salome kumletea majani ya muhogo yaliyotwangwa, wakaketi jikoni wakichambua mtama, nami nikawasaidia. "Mama Salome," alisema, "wewe ni mwenyeji, nieleze. Hawa wanaotupenda hivi, tumewafanyia nini?"

Mama Salome alipeta ungo mara mbili tatu kabla ya kujibu. "Mmekuwa wengi," alisema. "Ni hivyo tu. Mmekuwa wengi."

Mwezi wa tatu tulikwenda Dodoma, Mzee Hango na mimi, kwa basi kutoka Itigi. Njia nzima alinishikia mfuko wangu. Alininunulia mayai Manyoni. Aliniambia sekondari ikija atakwenda mwenyewe wilayani kuomba nipelekwe nikasome stashahada, nirudi kuifundisha. "Wewe si mwalimu wa a, e, i, o, u," alisema. Nilifurahi kuliko ninavyopenda kukiri. Nilikuwa nimechoka na chumba kisicho na dari, nimechoka kuwa mgeni, na hakuna mtu mwingine mwenye cheo aliyewahi kuniambia ninaweza kuwa zaidi ya nilivyo.

Ukumbi wa mahakama ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhania, una feni moja inayozunguka kama imechoka. Wakili wa Kirondwa alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, na upole wake ulinitisha zaidi kuliko kama angefoka. Aliniuliza idadi ya wasiokuwa raia Mbugani. Nikasema niliapa kutunza siri, siwezi. Wakili wetu akasimama kunitetea, jaji akakubali, akasema shahidi yuko sahihi, swali hilo lisijibiwe. Yule wakili akatikisa kichwa polepole, akageuza njia.

"Shahidi, wewe ni mwalimu wa Kiswahili?"

"Nafundisha masomo yote."

"Basi tusaidie. Mtu ambaye sheria haimruhusu kukaa nchini, tunaweza kusema anakaa?"

Nilimtazama Mzee Hango. Aliinamisha macho, ameshika kofia yake magotini. Nikasema, "Mheshimiwa, mimi sikutumwa kuuliza nani anaruhusiwa kukaa. Nilitumwa kuhesabu waliolala. Walilala."

Watu walicheka nyuma yangu. Jaji hakucheka, aliinama akaandika. Nilishuka kizimbani nikijiona shujaa. Siku ile niliwatetea kweli. Nalisema hili kwa kuwa anayesikia haya atadhani nilikuwa mbaya tangu mwanzo. Sikuwa. Nilikuwa mzuri kabisa mpaka Agosti.

Hukumu ilitoka Juni. Kwa jinsi wakili alivyotufafanulia, jaji alisema sensa huhesabu watu, haihesabu kadi zao. Kwamba diwani humhudumia hata asiyeweza kumpigia kura, maana mtoto mchanga naye hapigi kura na bado anahitaji zahanati. Na kwamba kama kuna mtu anayeishi nchini kinyume cha sheria, hilo lina mahali pake na sheria zake, wala si jambo la mahakama ile siku ile. Sentensi hiyo ya mwisho hatukuisikia. Au niseme sote tuliisikia, lakini hakuna aliyeisikiliza. Ighumbi ilichinja fahali. Nyama ilipikwa uwanja wa shule kwenye masufuria ya akina mama wa Mbugani, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na masufuria makubwa. Evaristi alicheza ngoma ya kwao, ile ya kuruka, na vijana wetu wakamwiga wakianguka. Mzee Hango alimpakata Sensa, aliyekuwa anakaribia miaka mitatu, akamnyanyua juu mbele ya watu na kusema, "Huyu ndiye aliyetupa kata!" Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.

Kata ikipatikana inataka diwani. Uchaguzi ulikuwa Oktoba, na Mzee Hango aligombea kama kila mtu alivyotarajia. Ambacho hakuna aliyekitarajia ni kwamba angepata mpinzani wa maana, kijana mmoja mfanyabiashara wa asali mwenye pikipiki, na kwamba kijana huyo angechukua maneno yaleyale ya watu wa Kirondwa na kuyaleta nyumbani. Kesi ilikuwa imekwisha. Sasa angeweza kuyasema bila kuipoteza kata. "Hango ni diwani wa Warundi," alisema kwenye mikutano. Akasema wameandikishwa kupiga kura kwa siri. Uongo, hakuna hata mmoja wa Mbugani aliyethubutu kusogelea kituo cha kujiandikisha. Lakini ulishika. Watu waliokula nyama ile Juni walikuwa, mwezi wa nane, wanauliza kwa nini mashamba mazuri yote ya ng'ambo ya korongo yako mikononi mwa watu wasiojulikana. Chini ya bati letu mazungumzo yalibadilika tena. Sikusikia mtu akisema "wananchi wetu." Nilisikia "lile tatizo la Mbugani."

Mzee Hango aliniomba daftari asubuhi moja, tukinywa uji. Nalikumbuka vizuri bakuli lenyewe, la bati, lenye maua ya bluu yaliyobanduka. Mama Salome alikuwa ametoka kukamua mbuzi.

"Mwanangu," alisema, "lile daftari lako la sensa bado unalo?"

Sikuwahi kumwambia kwamba ninalo. Pengine Salome aliliona. Alikuwa akiingia chumbani kwangu kujisomea. Nikasema, "Ninalo, baba, lakini nimeapa."

"Umeapa kwa makaratasi ya serikali. Lile ni daftari lako." Akanipa muda nilifikirie hilo. "Nataka kuwaandikia barua za ukaazi. Kaya kwa kaya, majina yote, zipite kwenye kijiji, ziende wilayani, wafuate utaratibu kabla huyu kijana hajatuharibia. Nikienda mwenyewe Mbugani kuandika majina watakimbia. Wewe walikuamini." Halafu akaongeza, kama jambo lisilohusiana, "Kuhusu masomo yako, nimeshaongea na mtu wilayani."

Mara nyingi nimejaribu kujidanganya kwamba nilimwamini. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwamini, na mtu akitaka kitu hahitaji ushahidi. Kama ningemwamini kabisa ningekwenda kwanza kumwuliza Konsolata. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa saa moja. Sikwenda. Niliingia chumbani, nikalitoa daftari chini ya kanga, nikampa, na nikarudi kumalizia uji wangu.

Watu wa uhamiaji walikuja Septemba, asubuhi, malori mawili na gari dogo. Mimi nilikuwa darasani. Nusu ya watoto wa Mbugani walikuwa mbele yangu, na Ezekieli mwana wa Konsolata alikuwa ubaoni anatoa sehemu. Mwalimu mkuu alikuja akaniita nje, akasema wale watoto wanatakiwa nyumbani, niwatoe. Niliwafuata. Tulivuka korongo wote, watoto wakikimbia mbele. Watu walikuwa wamekalishwa chini kwenye uwanja kati ya nyumba, na ofisa mmoja kijana, aliyekuwa mtu wa adabu tu, sikumwona akimgusa mtu, alikuwa anasoma majina kwenye karatasi iliyopigwa chapa.

Alianza na nyumba ya kisimani. Kisha ile ya mwenye mbwa. Kisha akaruka kwenda ng'ambo ya mchungwa, akarudi. Hakuna mtu mwenye akili ambaye angepanga nyumba za Mbugani namna ile. Ulikuwa mwendo wangu. Siku ya sensa nilizunguka mchungwa kumkwepa yule mbwa. Halafu akasoma "Onesmo Nibigira" mara mbili, katika kaya mbili tofauti, na watu wakatazamana, kwa kuwa Onesmo alikuwa mmoja. Nilikuwa nimemwandika kwa makosa kwa shangazi yake, nikagundua, nikasahihisha kwenye dodoso. Kwenye daftari sikusahihisha.

Konsolata aligeuka akanitazama. Sijui kama aliijua ile karatasi kama nilivyoijua mimi. Kisha akaitika jina lake.

Nilimkuta Mzee Hango nyumbani, ameketi barazani amevaa shati la kampeni, anakata kucha kwa kisu. Sikumwamkia. Ndiyo siku pekee katika maisha yangu niliyopita mbele ya mtu mzima bila shikamoo.

"Uliniambia barua za ukaazi."

"Niliandika barua," alisema. "Nilieleza hali ilivyo. Wenye kazi yao wameifanya."

"Baba, kata tumeipata kwa sababu yao! Ulimbeba yule mtoto!"

Alikunja kisu, akakitia mfukoni. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. "Kata tumeipata kwa sheria. Na hawa wameondoka kwa sheria. Si wewe uliyesema mahakamani? Walilala." Akasimama. "Haya, wameamka. Nenda kale, mwanangu, Mama Salome amekuwekea chakula."

Mama Salome hakuwa ameniwekea chakula. Alikuwa amejifungia jikoni, na siku ile hakuna aliyekula katika nyumba ile isipokuwa yeye mzee, aliyejichotea asali mwenyewe na kuilamba kidoleni.

Alishinda uchaguzi, kwa kura nyingi. Kijana wa asali hakuwa na hoja tena. Mashamba ya Mbugani yaligawanywa kabla ya mvua, na kilichopunguza kelele ni kugawana kwenyewe, kwa kuwa kila aliyekuwa na mdomo alipata kipande. Kata haikufutwa, hakuna aliyerudi mahakamani kusema kwamba sasa wale watu hawapo. Sekondari ilijengwa. Salome alisoma pale, leo ni muuguzi, na wapo wasichana wengi kama yeye ambao bila shule ile wangekuwa wameolewa wakiwa na miaka kumi na mitano. Sitawadharau. Mimi nilipelekwa kusoma stashahada, nikarudi, nikafundisha Ighumbi muhula mmoja, nikaomba uhamisho. Ninaposema nina uchungu watu hudhani nina uchungu na marehemu. Yeye alikuwa mwanasiasa wa kijiji, alifanya kazi yake. Mimi ndiye niliyekuwa nimeapa.

Baada ya kuchukuliwa, watu wa Mbugani walikaa siku mbili Itigi wakisubiri treni ya kwenda Kigoma. Siku ya pili nilikwenda, nimebeba mikate na sukari, upumbavu mtupu, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Walikuwa wameketi kwenye vifurushi vyao kando ya stesheni, mchana wa jua kali, askari wawili wakiwaangalia kwa uvivu. Evaristi hakunitazama. Ezekieli aliniamkia kwa mazoea, "Shikamoo mwalimu," na baba yake akamvuta mkono. Konsolata ndiye aliyeinuka akaja, Sensa mgongoni, akapokea mikate, akanishukuru kama inavyopasa kushukuru.

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kujibu. Hakunitukana.

"Mwalimu," alisema, "kule nilikotoka shamba letu lina watu wengine sasa. Wataniuliza nilikuwa wapi miaka yote tisa. Nikisema Tanganyika, watasema wapi, nani anakujua. Niandikie karatasi. Sema tu kwamba Konsolata na mume wake na watoto wao watano walikaa Ighumbi, wakalima, watoto wakasoma kwako. Utie sahihi yako, na jina la shule. Kuandika unajua."

Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu, na kwenye mfuko wa mikate nilikuwa na karatasi safi. Ingenichukua dakika tano. Askari mmoja alikuwa ameanza kututazama, nami nikafikiri: mwalimu wa serikali, anaandikia wahamiaji barua, mbele ya askari, na masomo yangu bado hayajathibitishwa. Hayo yote niliyafikiri kwa utulivu, akiwa amesimama mbele yangu anangoja.

"Nitaiandika vizuri nyumbani," nikamwambia, "niigonge mhuri. Nitakutumia."

"Sawa, mwalimu," alisema Konsolata.

Treni iliingia. Hakuniuliza nitaituma wapi, wala mimi sikumwuliza.